Indeksi ya hifadhidata: safu ipi iwe ufunguo, ipi ibebwe tu

Indeksi ni orodha iliyopangwa inayoisaidia hifadhidata kupata rekodi haraka. Indeksi mbovu mara nyingi haina upungufu wa safu (column). Ina safu nyingi mno, tena zimepangwa kwa kubahatisha: programu inakwama, mtu anaunda indeksi yenye kila safu iliyotajwa kwenye WHERE (sehemu ya masharti), kwa mfuatano uleule wa hoja (query), na hoja inabaki nzito vilevile. Mwongozo huu unashughulikia maamuzi mawili tu. La kwanza, safu zipi ziwe ufunguo na zifuatane vipi. La pili, zipi ziwekwe kwenye INCLUDE, yaani zibebwe tu bila kushiriki kupanga. Mifano ni ya PostgreSQL, ambayo imekuwa na INCLUDE tangu toleo la 11. SQL Server ilikuwa nayo tangu 2005, na MySQL haina mpaka leo. Pale tofauti zao zinapobadilisha uamuzi, tumezitaja.

Jedwali la mfano ni la malipo ya mawakala wa pesa kwa simu:

```
CREATE TABLE malipo (
  id        bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  wakala_id integer       NOT NULL,
  hali      smallint      NOT NULL, -- 1 inasubiri, 2 imekamilika, 3 imekataliwa
  imeundwa  timestamptz   NOT NULL,
  kiasi     numeric(12,2) NOT NULL,
  rejea     text          NOT NULL,
  maelezo   text
);
```

Tuseme kuna mawakala 10,000 na kila mmoja ana malipo 2,000 kwa mwezi. Hizo ni rekodi milioni 20 kwa mwezi, milioni 240 kwa mwaka. Hoja inayolalamikiwa ni taarifa ya mwezi ya wakala mmoja:

```
SELECT imeundwa, kiasi, rejea
FROM malipo
WHERE wakala_id = 4817
  AND hali = 2
  AND imeundwa >= '2025-03-01 00:00+03'
  AND imeundwa <  '2025-04-01 00:00+03'
ORDER BY imeundwa DESC;
```

Kabla ya kugusa chochote, elewa indeksi ya kawaida, ile ya mti wa B, imejengwaje. Imegawanywa katika kurasa za kilobaiti 8. Kurasa za juu hubeba ufunguo tu, na kazi yake ni kuelekeza. Kurasa za majani, zile za chini kabisa, hubeba ufunguo, anwani ya rekodi kwenye jedwali, na safu za INCLUDE kama zipo. Maingizo ya majani yamepangwa kwa safu ya kwanza ya ufunguo. Yanapolingana, kwa ya pili. Yanapolingana tena, kwa ya tatu. Safu za INCLUDE hazimo kwenye mpangilio huo na hazionekani kwenye kurasa za juu. Karibu kila kanuni iliyo hapa chini inatokana na hilo.

Hatua ya 1: Pata hoja zenyewe

Indeksi haiundwi kwa kutazama jedwali, inaundwa kwa kutazama hoja. Washa pg_stat_statements, kiendelezi cha PostgreSQL kinachorekodi muda wa kila hoja (lazima iwekwe kwenye shared_preload_libraries na seva iwashwe upya), iache ikusanye kwa siku kadhaa za kazi ya kawaida, kisha:

```
SELECT calls, total_exec_time, mean_exec_time, query
FROM pg_stat_statements
ORDER BY total_exec_time DESC
LIMIT 20;
```

Panga kwa muda wa jumla, siyo wa wastani. Hoja ya milisekunde 40 inayoitwa mara laki tano kwa siku inaila seva kuliko ripoti ya sekunde 90 inayoendeshwa mara moja usiku.

Hatua ya 2: Gawa safu za hoja katika makundi

Chukua hoja moja na uandike pembeni kila safu iko kundi gani:

Usawa: safu inayolinganishwa kwa =, au IS NULL, pamoja na safu za kuunganisha majedwali kwenye ON.
Masafa: >, <, BETWEEN, LIKE 'abc%'.
Mpangilio: ORDER BY, na GROUP BY pale inapoweza kufaidika na mpangilio.
Kuonyeshwa tu: safu iliyo kwenye SELECT bila kuonekana kwingine.

Kwa hoja yetu, wakala_id na hali ni usawa. Imeundwa ni masafa na mpangilio kwa pamoja. Kiasi na rejea ni za kuonyeshwa tu.

Hapahapa kagua kama safu imefunikwa na kitu. `imeundwa::date = '2025-03-14'` haiwezi kutumia indeksi ya imeundwa, kwa sababu kilichopangwa ni imeundwa, siyo matokeo ya kuigeuza. Wala huwezi kukwepa kwa kuunda indeksi ya `(imeundwa::date)`: PostgreSQL itakataa, kwa kuwa tarehe ya timestamptz inategemea saa za eneo zilizowekwa kwenye muunganisho. Andika masafa yenye mwanzo unaohesabiwa na mwisho usiohesabiwa, kama kwenye hoja yetu, na utaje +03 waziwazi. Seva nyingi huendeshwa kwa UTC, na usiku wa manane wa Dar es Salaam au Nairobi ni saa 21:00 ya UTC ya siku iliyotangulia. Usipoitaja +03, saa tatu za mwanzo za kila mwezi zitaingia kwenye mwezi mwingine, na hesabu za wakala hazitalingana na zako.

Aina za data nazo zilingane. Kwenye MySQL, kulinganisha safu ya maandishi (namba ya simu, kwa mfano) na nambari isiyo na alama za kunukuu huifanya hifadhidata igeuze kila rekodi, na indeksi haitumiki. Kwenye SQL Server mtego wa aina hiyo ni safu ya varchar inayolinganishwa na kigezo cha nvarchar, ambacho viunganishi vya .NET na Java hutuma bila kuulizwa. Kwenye hali hizo hakuna indeksi itakayokuokoa. Rekebisha aina kwanza.

Hatua ya 3: Panga ufunguo

Usawa kwanza, kisha mpangilio au masafa. Sababu ni ya kimahesabu kabisa. Indeksi ya `(wakala_id, hali, imeundwa)` imeweka malipo yaliyokamilika ya wakala 4817 pamoja, yakifuatana kwa saa. Malipo ya Machi ni kipande kimoja kisichokatika: mashine inashuka mtini mara moja, inasoma maingizo yasiyozidi 2,000, inatoka. Ukiigeuza ikawa `(imeundwa, wakala_id, hali)`, Machi yote ya mawakala wote imechanganyika kwa saa, na kumpata wakala mmoja ni kupitia maingizo milioni 20. Safu ni zilezile tatu, na kazi imeongezeka mara elfu kumi.

Safu inayokuja baada ya masafa haipunguzi tena eneo la kusomwa. Inaweza kuchuja ndani ya eneo hilo, lakini eneo limeshapangwa na zilizotangulia. Hapa usidanganywe na EXPLAIN, amri inayoonyesha mpango wa kuendesha hoja: PostgreSQL huandika safu zote za ufunguo kwenye mstari wa Index Cond, zile zinazopunguza eneo na zile zinazochuja tu. Ukweli utauona kwenye hesabu ya kurasa zilizosomwa, ambayo tutaifikia kwenye Hatua ya 6.

Kuna ushauri unaorudiwa kila mahali kwamba safu yenye thamani nyingi tofauti itangulie. Kwa safu mbili za usawa, ushauri huo hauna msingi. `(wakala_id, hali)` na `(hali, wakala_id)` zote zinafikia kipande kilekile cha maingizo yaleyale. Kinachoamua ni hoja nyingine za mfumo: kuna ukurasa unaotafuta kwa wakala peke yake, bila hali? Basi wakala_id itangulie, maana indeksi hutumika vizuri kuanzia safu ya kwanza. Toleo la 18 la PostgreSQL limeongeza uwezo wa kuruka safu ya kwanza yenye thamani chache, lakini hiyo ni nafuu kwa indeksi uliyonayo tayari. Usiitegemee unapobuni mpya.

IN inahitaji uangalifu wake. `hali IN (2, 3)` inaonekana kama usawa, na kwa kutafuta ni hivyo. Lakini ndani ya `(wakala_id, hali, imeundwa)` yapo malipo ya hali 2 yaliyopangwa kwa saa, yakifuatwa na ya hali 3 yaliyopangwa kwa saa. Yote kwa pamoja hayajapangwa kwa saa. ORDER BY imeundwa italazimika kupanga upya. Rekodi 2,000 kupangwa upya ni jambo dogo, liache. Ila kama hoja ina LIMIT 20, kwa ukurasa wa "malipo ya karibuni", tumia `(wakala_id, imeundwa, hali)`: mashine inasoma kutoka mwisho, inaruka zisizofaa, inasimama ikipata 20.

Ugumu wa kweli unakuja pale masafa na mpangilio vinapokuwa kwenye safu tofauti:

```
WHERE wakala_id = 4817 AND kiasi > 1000000
ORDER BY imeundwa DESC LIMIT 20
```

Indeksi moja haiwezi kukupa vyote viwili. `(wakala_id, imeundwa, kiasi)` inaepuka kupanga upya na inasimama mapema, lakini kama malipo ya zaidi ya milioni ni matano tu kwa mwaka, itasoma historia nzima ya wakala ikiyatafuta. `(wakala_id, kiasi, imeundwa)` inayapata matano hayo moja kwa moja na kuyapanga papo hapo. Kwa hiyo jiulize: malipo yanayotimiza sharti ni mengi au machache? Yakiwa mengi, weka mpangilio mbele. Yakiwa machache, weka masafa. Data zisizo sawa, ambapo wakala mmoja mkubwa anafanana na mia wadogo, zipime kwa wote wawili, mkubwa na mdogo, kabla ya kuamua.

Kuhusu DESC: mti wa B husomwa mbele na nyuma, hivyo `ORDER BY imeundwa DESC` haihitaji indeksi ya DESC. Unaihitaji pale tu mielekeo inapochanganyika, mfano `ORDER BY kiasi DESC, imeundwa ASC`. Na ukiandika `DESC NULLS LAST` juu ya safu inayoruhusu NULL, indeksi ya kawaida haitalingana, kwa sababu ikisomwa kinyume NULL zinatangulia. Ama iunde indeksi kwa maneno hayohayo, ama yaondoe kwenye hoja.

Hatua ya 4: Amua kitakachobebwa

Ufunguo umekamilika: `(wakala_id, hali, imeundwa)`. Indeksi inatupatia anwani 2,000. Tatizo lililobaki ni kwamba kiasi na rejea ziko kwenye jedwali, na malipo ya wakala mmoja yametawanyika humo kwa sababu jedwali hujazwa kwa mfuatano wa saa, mawakala wote wakichanganyika. Anwani 2,000 zinaweza kuwa kurasa 2,000 tofauti. Ukiziweka safu hizo mbili kwenye majani ya indeksi, jedwali haliguswi:

```
CREATE INDEX CONCURRENTLY malipo_taarifa_idx
ON malipo (wakala_id, hali, imeundwa)
INCLUDE (kiasi, rejea);
```

Kanuni kuu ya INCLUDE ni kwamba ama inatosheleza hoja nzima, ama usiiweke. Hoja inahitaji safu sita, umebeba tano: mashine bado itakwenda kwenye jedwali kwa ile moja, na ikishafika huko tano nyingine inazisoma bure. Umelipia nafasi kwenye diski na umechelewesha kila INSERT, bila faida yoyote. Ndiyo maana `SELECT *` na indeksi ya namna hii havikai pamoja. Waombe wanaoandika programu wataje safu wanazozitumia. Mifumo ya ORM, inayoandika hoja kwa niaba ya programu, huleta safu zote isipokuwa ukiikataza.

Safu inayochuja lakini haipangi iende wapi, mwisho wa ufunguo au kwenye INCLUDE? Jibu linategemea hifadhidata. PostgreSQL, inapolazimika kwenda kwenye jedwali, hupima sharti la safu ya INCLUDE baada tu ya kuichukua rekodi. Sharti la safu ya ufunguo, hata ile ya mwisho isiyopunguza eneo, hupimwa ndani ya indeksi. Kwa hiyo kwenye PostgreSQL, kama hoja haitatoshelezwa na indeksi peke yake, safu ya kuchuja iweke mwisho wa ufunguo. SQL Server hupima sharti la safu ya INCLUDE ndani ya indeksi kabla ya kwenda kwenye jedwali, na huko INCLUDE inatosha.

INCLUDE ina matumizi mengine ambayo hayana mbadala: indeksi ya upekee.

```
CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY malipo_rejea_idx
ON malipo (rejea) INCLUDE (wakala_id, kiasi);
```

Upekee hapa ni wa rejea peke yake. Mtu akiandika `UNIQUE (rejea, wakala_id, kiasi)` akidhani ni kitu kilekile, ameruhusu rejea moja iingie mara mbili mradi kiasi kitofautiane, na kwenye mfumo wa malipo hilo ni kosa la pesa za watu.

Zipo safu zisizofaa kubebwa. Ya kwanza ni maandishi marefu kama maelezo. Ingizo la mti wa B kwenye PostgreSQL lisizidi baiti 2,704, INCLUDE ikiwemo. Indeksi itaundwa vizuri leo, na miezi baadaye INSERT ya mteja itakataliwa kwa kosa la ukubwa wa ingizo kwa sababu aliandika maelezo marefu. Ya pili ni usemi: INCLUDE inapokea safu tupu, siyo `lower(rejea)`.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi: safu inayobadilika mara kwa mara. PostgreSQL ina njia nyepesi ya UPDATE, inayoitwa HOT, ambapo rekodi mpya huandikwa kwenye ukurasa uleule wa jedwali bila kugusa indeksi hata moja. Inafanya kazi pale tu ambapo safu iliyobadilika haimo kwenye indeksi yoyote ya mti wa B ya jedwali hilo: si kwenye ufunguo, si kwenye INCLUDE, wala kwenye WHERE ya indeksi yenye sharti. Safu moja tu ikiguswa, indeksi zote za jedwali huandikiwa ingizo jipya. Kwenye mfano wetu kila malipo huanza na hali 1 na kugeuka 2 au 3, kwa hiyo kuiweka hali kwenye indeksi kuna gharama hiyo, mara moja kwa kila malipo. Tumeikubali kwa makusudi kwa kuwa hali inabadilika mara moja. Ingekuwa salio linalobadilika kila dakika, jibu lingekuwa hapana. Na kama hali 2 ni asilimia kubwa ya rekodi zote, kuna njia ya kuiondoa kabisa: ufunguo `(wakala_id, imeundwa)` na hoja ichuje hali yenyewe. Utasoma rekodi chache za ziada, na itabidi kwenda kwenye jedwali kwa kuwa hali haimo kwenye indeksi, lakini utairudisha UPDATE nyepesi.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya upana

Hesabu hii inachukua dakika tano. Kila ingizo la PostgreSQL lina kichwa cha baiti 8 na kielekezi cha baiti 4 kwenye ukurasa. Data yake hukuzwa hadi igawanyike kwa 8. Kwa ufunguo wetu: wakala_id baiti 4, hali 2, pengo 2 ili imeundwa ianze mahali pake, kisha imeundwa 8. Jumla 16, pamoja na kichwa 24, pamoja na kielekezi 28. Ona kwamba hali haikuongeza chochote. Imekaa ndani ya pengo ambalo lingekuwepo hata bila yake. Ingekuwa maandishi kama 'IMEKAMILIKA' ingekula baiti 12.

Sasa ongeza kiasi (Sh 25,000.00 ni baiti 7 kwa numeric) na rejea ya herufi 10 (baiti 11). Data inakuwa 34, inakuzwa hadi 40. Pamoja na 8 na 4 ni 52. Ukurasa wa jani hujazwa kwa asilimia 90, kwa hiyo maingizo kama 260 kwa ukurasa yanashuka hadi 140 hivi. Kwa rekodi milioni 240, indeksi inapanda kutoka gigabaiti 7.5 hadi karibu 14.

Je, inalipa? Bila INCLUDE taarifa moja ni kurasa 8 za indeksi na hadi 2,000 za jedwali. Ukiwa na INCLUDE ni kurasa 15 za indeksi na sifuri za jedwali. Kwa hoja inayoitwa siku nzima, gigabaiti 6.5 za ziada ni bei nzuri. Kwa hoja ya mara moja kwa wiki, siyo. Na kwa hoja inayorudisha rekodi moja au mbili, INCLUDE inaokoa ukurasa mmoja au miwili tu, iache.

Jambo la kupima zaidi: tangu toleo la 13 PostgreSQL huunganisha maingizo yenye ufunguo unaojirudia na kupunguza sana ukubwa wa indeksi kama `(wakala_id)` peke yake. Ukiongeza INCLUDE, uunganishaji huo hauwezekani tena, na indeksi ndogo inaweza kufumuka kupita hesabu uliyotarajia.

Mipaka mingine: PostgreSQL inaruhusu safu 32 kwa indeksi, za kubebwa zikihesabiwa humo. SQL Server tangu 2016 inaruhusu safu 32 za ufunguo na baiti 1,700 kwa indeksi isiyopanga jedwali, na za kubebwa hadi 1,023. Usichukulie idadi hiyo kama ruhusa. Huko, na kwenye InnoDB (injini ya kuhifadhi data) ya MySQL, indeksi za pili tayari hubeba ufunguo unaopanga jedwali, kwa hiyo usiuongeze. InnoDB haina INCLUDE, hivyo safu za kubebwa huwekwa mwisho wa ufunguo, hadi safu 16. Ukiwa na ufunguo msingi wa UUID (kitambulisho cha kipekee) ulioandikwa kama herufi 36, kila indeksi ya jedwali inazibeba herufi hizo zote.

Hatua ya 6: Unda, kisha hakikisha

CREATE INDEX ya kawaida huzuia uandishi kwenye jedwali mpaka imalizike. CONCURRENTLY haizuii, ila haikubali kuendeshwa kati ya BEGIN na COMMIT. Zana za kuhamisha muundo hufunga kila kitu humo kwa kawaida; kwenye Django tumia AddIndexConcurrently na uweke `atomic = False`. Pia inasubiri miamala mirefu iishe, kwa hiyo kagua pg_stat_activity kwanza. Ikikatika katikati, inaacha indeksi isiyo halali ambayo bado inalipiwa kwa kila INSERT bila kumsaidia yeyote. Itafute hivi na uifute:

```
SELECT indexrelid::regclass FROM pg_index WHERE NOT indisvalid;
```

Baada ya kuunda endesha `VACUUM (ANALYZE) malipo;`, amri inayosafisha jedwali na kuhuisha takwimu zake, kisha `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)` juu ya hoja. Kumbuka ANALYZE inaiendesha hoja kikweli. Ukipima UPDATE, iweke kati ya BEGIN na ROLLBACK. Unachotafuta:

```
Index Only Scan Backward using malipo_taarifa_idx on malipo
  Index Cond: ((wakala_id = 4817) AND (hali = 2) AND ...)
  Heap Fetches: 0
  Buffers: shared hit=19
```

Hakuna mstari wa Sort, Heap Fetches (safari za kwenda kwenye jedwali) ni sifuri au karibu, na Buffers (kurasa zilizosomwa) ni makumi, siyo maelfu. Ukiona Index Scan bila neno Only, kuna safu haikubebwa. Ukiona Rows Removed by Filter kubwa, safu fulani ilipaswa kuwa kwenye ufunguo.

Heap Fetches ikiwa juu ingawa kila safu imo, tatizo siyo indeksi. Indeksi ya PostgreSQL haijui rekodi ipi inaonekana kwa nani. Inategemea ramani ndogo inayosema ukurasa upi wa jedwali hauna mabadiliko ya karibuni, na ramani hiyo huandikwa na VACUUM. Kwenye jedwali linaloongezwa tu, autovacuum (VACUUM inayojiendesha yenyewe) kabla ya toleo la 13 haikuamshwa na INSERT. Kuanzia 13 hadi 17 huamka rekodi mpya zinapofikia asilimia 20 ya jedwali, ambazo kwa milioni 240 ni milioni 48, zaidi ya miezi miwili ya kazi yetu. Punguza kwa jedwali hilo pekee:

```
ALTER TABLE malipo SET (autovacuum_vacuum_insert_scale_factor = 0.005);
```

Hatua ya 7: Unganisha na ufute

Indeksi mpya imekuja. Tazama ipi imepoteza kazi. `(wakala_id)` na `(wakala_id, hali)` sasa ni vipande vya mwanzo vya ufunguo mpya, na kwa kawaida zinaweza kuondoka, isipokuwa kama ile fupi ni ndogo sana kwa sababu ya uunganishaji wa maingizo na hoja zake ni za kuhesabu tu. Hoja mbili zenye ufunguo mmoja na SELECT tofauti zipewe indeksi moja yenye INCLUDE ya pamoja. Zenye mfuatano tofauti wa ufunguo usizilazimishe kuungana.

Orodha ya indeksi ambazo SQL Server hupendekeza ni dalili, siyo mchoro. Safu za usawa humo hufuata mfuatano wa jedwali, haukupimwa kwa hoja nyingine, na INCLUDE yake mara nyingi ni ndefu kupita kiasi. Pitisha kila pendekezo kwenye Hatua ya 2 hadi ya 5 kama vile umeanza upya.

Kujua isiyotumika, soma idx_scan kwenye pg_stat_user_indexes (tangu toleo la 16 ipo pia last_idx_scan, inayotaja mara ya mwisho). Subiri mzunguko mzima wa biashara upite, ufungaji wa mwezi ukiwemo, na kama kuna ripoti za mwaka basi ziulizie. Kila seva ina hesabu yake: indeksi yenye sifuri kwenye seva kuu inaweza kuwa ndiyo inayobeba ripoti zote kwenye nakala ya kusomea. Indeksi za upekee usiziguse hata zikiwa na sifuri, kwa kuwa kazi yake ni kukataa rekodi mbaya na hiyo haihesabiwi. Kwa zilizobaki, hifadhi matokeo ya `pg_get_indexdef` ya kila moja kwenye faili, kisha `DROP INDEX CONCURRENTLY`, moja kwa siku, ili likitokea tatizo ujue ni ipi ya kurudisha.